Alama zangu za vidole nimpe nani?

"Assalaam alaykum mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kisauni, nauza mahamri na mbaazi asubuhi. Mwezi uliopita mhudumu wa afya wa mtaa alikuja kutuandikisha SHA, bima ya afya ya serikali. Aliuliza mpaka paa la nyumba ni la nini na choo ni cha aina gani. Mume wangu, ambaye ni fundi wa mawe, akamfukuza. Anasema serikali ikishakuwa na vidole vyako imekumaliza, na kwamba data zetu zinauzwa, ndiyo maana kila siku napata meseji za mikopo ambayo sikuomba. Mwaka 2021 mimi mwenyewe nilikuta nimeandikwa mwanachama wa chama cha siasa ambacho hata afisi yake siijui. Kakangu naye husema asiye na la kuficha haogopi. Sasa binti yetu ametimiza miaka 18 na anataka kitambulisho, babake anasita. Asili yetu ni Lamu, na mdogo wangu alihangaishwa miaka miwili akiulizwa makaratasi ya babu. Nambie kweli: serikali ni ya kuaminiwa na siri zetu?"

Waalaykum salaam, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, maana ndani yake mna maswali manne yaliyovaa kanzu moja. Mna hofu ya kuuzwa, hofu ya kuibiwa, hofu ya kufuatwa, na ile ambayo hukuitaja kwa jina ingawa umeieleza vizuri kuliko zote uliposimulia habari za mdogo wako: hofu ya kukosewa. Nitaanza na iliyo nyepesi.

Meseji za mikopo hazitoki serikalini. Programu nyingi za mikopo ya simu, mtu anapoziweka, zimekuwa zikiomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina yaliyomo kwenye simu yake. Jirani yako akibonyeza "kubali" huku akiwa na haraka ya elfu mbili, nambari yako imeondoka pamoja na za shangazi zake. Hukukopa wewe, lakini umo. Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilizitoza faini kampuni za mikopo mwaka 2023 kwa sababu ya tabia hiyohiyo ya kutumia nambari za watu wasiohusika. Kwa hili, mwambie mumeo, ametazama mlango usiokuwa ndio.

Pengine pia amesikia habari za Julai 2023, eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ilipoangushwa na kundi lililojiita Anonymous Sudan, watu wakadhani siri za nchi nzima zimeibwa. Shambulio la aina ile lina jina refu la kiufundi, lakini wewe umevuka Likoni, utanielewa. Siku ferry moja ikiharibika, watu hujaa mpaka hata mwenye haraka hawezi kusogea. Hakuna aliyevunja kasha la pesa. Ni umati tu umeziba njia. Ndivyo ilivyokuwa: maelfu ya maombi bandia yalirushwa kwa pamoja mpaka mtambo ukashindwa kuwahudumia watu wa kweli. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea, na shambulio la namna hiyo, kwa tabia yake, huziba mlango tu, halifungui sanduku.

Sisemi masanduku hayafunguliwi. Mwaka 2007 idara ya ushuru ya Uingereza ilituma santuri mbili za kompyuta (CD) bila kuzisajili, zikiwa na majina, anwani na akaunti za benki za watu milioni 25 waliohusika na posho ya watoto. Santuri zikapotea. Mwaka 2015 Marekani iligundua wadukuzi wamechukua rekodi za watu milioni 21.5 kutoka idara inayoshughulikia wafanyakazi wake, zikiwemo alama za vidole za watu milioni 5.6. Hizo ni serikali tajiri, zenye wataalamu wa kila namna. Kwa hiyo anayekuhakikishia kwamba mtambo wa serikali yoyote hauvuji, huyo ni wa kuogopa kuliko mtambo wenyewe.

Ila wadukuzi wa mbali hawanikoseshi usingizi sana. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Nilipokuwa kijana nikifanya kazi ya kompyuta katika afisi moja ya umma hapa Mombasa, wafanyakazi sita tulitumia paswadi moja, imeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa chini ya kibodi. Yeyote aliyetaka kujua mchumba wa fulani alizaliwa lini, au fulani anaumwa nini, alifungua akasoma. Mtambo uliandika kwa uaminifu kabisa kwamba faili limefunguliwa, na aliyefungua aliitwa "admin". Sote tulikuwa "admin". Hapakuwa na mwizi, wala hapakuwa na njia ya kujua kama yuko. Tangu siku hizo, mtu akiniuliza kama serikali ni ya kuaminiwa, mimi humuuliza: ni kata ngapi zinazotumbukia mtungini, na kila kata ina jina lake?

Serikali, dada yangu, si mtu mmoja mwenye roho nzuri au mbaya. Ni karani wa kaunta, ni chifu, ni mhudumu wa mtaa, ni kampuni iliyopewa tenda ya kutengeneza mtambo, ni polisi, ni jaji. Huwezi kuwaamini wote kwa moyo mmoja, na huhitaji. Unachohitaji ni mambo manne: wakuombe kile tu wanachokihitaji, wasikitumie kwa kazi nyingine, kila anayekigusa aache alama, na wakikosea pawe na mahali pa kushtaki. Ukiniuliza Kenya imefika wapi kwa hayo manne, nitakwambia sheria imefika mbali kuliko kaunta.

Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya mwaka 2019, na inazifunga afisi za serikali kama inavyozifunga kampuni. Kabla yake palikuwa na Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, kinachosema mambo ya familia yako na ya faragha yako yasidaiwe wala yasifichuliwe pasipo sababu. Na maneno hayo yamewahi kung'ata. Huduma Namba, ile nambari moja ya utambulisho kwa kila mtu, ilipoanza mwaka 2019, sheria yake ilitaka hata DNA na mahali mtu anapoishi kwa kipimo cha setilaiti. Januari 2020 Mahakama Kuu ilikataa hayo mawili, na ikasema zoezi haliwezi kuendelea mpaka zitungwe kanuni kamili. Serikali ikakimbilia kutoa kadi. Oktoba 2021 mahakama ikaharamisha utoaji ule, kwa sababu haikuwa imefanywa tathmini ya madhara ambayo sheria inaidai. Waliokwenda mahakamani kwanza walikuwemo watu wa jamii ya Wanubi, ambao mambo ya kuulizwa babu yako ni nani wanayajua kama mnavyoyajua ninyi.

Sheria ina tobo pia, nikufiche kwa nini? Inaruhusu msamaha kwa ajili ya usalama wa taifa na manufaa ya umma, maneno mawili yenye matumbo makubwa. Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulitaka kuongeza msamaha mwingine, kwamba data inayotumiwa kukadiria kodi isibanwe na sheria hiyo. Mswada wote ulianguka baada ya maandamano ya Juni, na kila mtu anaukumbuka kwa mkate na mafuta ya kupikia. Kifungu kile wengi hawakukiona kabisa. Jambo jingine: faini ya juu kabisa ni shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, ile iliyo ndogo. Shule moja iliyochapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi ilitozwa zaidi ya milioni 4 mwaka 2023, ikaumia. Wizara ikitozwa, inalipa kwa kodi yako na yangu.

Sasa kakako. Mwambie kwa heshima kwamba neno lake linafaa kwa polisi anayetafuta gunia la bangi, halifai kwa maisha. Sisi Waswahili tuna neno sitara, na hatujawahi kulitumia kwa maana ya kuficha uovu. Tunaomba Mungu atusitiri. Tazama nyumba za Mji wa Kale: mgeni wa kawaida huishia dakani, akakaa kwenye baraza akanywa kahawa yake, wa karibu huingia ukumbini, ndani hafiki ila wa ndani. Hakuna aliyesema mwenye nyumba ana jambo baya chumbani.

Tena, jambo lisilo la kuficha leo huenda likawa la kuficha kesho, na si wewe utakayeamua. Uholanzi ilikuwa na daftari la wakazi lililotunzwa vizuri sana, dini ya kila mtu ikiwemo, likaandikwa wakati wa amani kwa nia njema. Wajerumani walipoivamia nchi mwaka 1940 walilikuta tayari. Machi 1943 wapiganaji wa chinichini walilipua afisi ya daftari hilo Amsterdam ili kadi ziungue, lakini wakati huo treni zilikuwa zimekwisha kuondoka nyingi. Takriban robo tatu ya Wayahudi wa Uholanzi waliuawa. Na hapa kwetu, wazee wengi bado wanakiita kitambulisho "kipande". Kipande cha mkoloni, ambacho sheria yake ni ya 1915, kilibeba alama za vidole na habari za mwajiri, mwanamume Mwafrika akakivaa shingoni ndani ya kibweta cha chuma, ili akitoroka kazi apatikane. Babu zetu walivuliwa faragha kabla hatujapata hata neno la kompyuta.

Mfano wa karibu zaidi uko Garissa. Wakati wa ukame, Wakenya Wasomali waliokuwa na njaa walijiandikisha kambini kama wakimbizi ili wapate mgao wa chakula. Walitoa vidole kwa ajili ya unga. Miaka ikapita, watoto wakakua, wakaenda kuomba kitambulisho, mtambo ukasema: hawa ni wakimbizi. Hakuna aliyewaibia, hakuna mdukuzi, na mtambo ulifanya kazi barabara. Kilichotolewa kwa kazi moja kilitumiwa kwa kazi nyingine. Ukinilazimisha niseme ni hatari gani hasa inayomkabili mtu wa Pwani, nitasema ni hiyo. Hatukusumbuliwa sana na serikali inayotujua kupita kiasi. Tumesumbuliwa na serikali inayotujua vibaya, na ikishatuandika vibaya inaiamini karatasi kuliko sisi.

Sasa vidole. Mumeo anafikiri vikishachukuliwa serikali inaweza kuvitumia kama mihuri. Chombo kinapopiga picha ya kidole, programu hutafuta mahali mistari inapokatika na inapogawanyika panda, ikaandika nafasi zake kama nambari. Nambari hizo ndizo zinazolinganishwa. Kuna ulinganishaji wa namna mbili: kuuliza "huyu ndiye Fulani?", yaani mmoja kwa mmoja, na kuuliza "huyu ni nani kati ya wote?", yaani mmoja kwa mamilioni. Ya kwanza ni sawa na kumwonyesha mlinzi kadi yako. Ya pili ndiyo ya kuangaliwa, maana anayeweza kuifanya anaweza kukutafuta bila wewe kujua. SHA kukutambua hospitalini ni ya kwanza. Kwa alama hiyo pekee hakuna awezaye kukukopea pesa, maana mkopo wa simu hudai laini na PIN.

Ila mumeo ana haki katika jambo moja, na ni kubwa: paswadi ikivuja unabadilisha, kidole hubadilishi. Ndiyo maana nilishangaa mwaka 2023 kuona watu wanaoiogopa serikali wakipanga foleni Nairobi kupigwa picha za mboni za macho na mradi wa kigeni wa Worldcoin, kwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi elfu saba. Serikali ikalisimamisha zoezi Agosti mwaka huohuo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zile zifutwe. Elfu saba, dada! Hata mahari ya mboni moja haitoshi.

Kuhusu chama cha siasa, hukuota. Juni 2021 watu wengi walijikuta wameandikwa hivyo, walipofunguliwa ukurasa wa Msajili wa Vyama kwenye eCitizen wakajiangalia. Jina na nambari ya kitambulisho chako ni rahisi kupatikana. Fikiria umeviandika mara ngapi: daftari la mlinzi getini, daftari la wakala wa M-Pesa, fomu ya basari, karatasi ya mkutano uliopewa soda. Hapo serikali haikuiba. Ilipokea orodha pasipo kumuuliza mwenye jina, na kwangu hilo si dogo. Kama hujajiondoa, ingia ukurasa huohuo ujiuzulu, utunze uthibitisho. Na ukiwa na laini ya Safaricom, piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Nimewaona watu wakipoa rangi.

Nami nakuomba ukiogope kidogo kile ambacho hakuna anayekiogopa, nacho ni saiba, yale maduka ya kompyuta na fotokopi. Siri nyingi nilizoziona zikivuja mjini hapa hazikuvujia Nairobi, zimevujia kwenye kompyuta ya fotokopi. Kijana wa saiba amekufungulia akaunti ya KRA, ile ya kodi, kwa baruapepe yake, paswadi kaiweka yeye, cheti cha kuzaliwa cha mwanao kimebaki kwenye skrini kwa jina "scan 14". Fungua baruapepe yako mwenyewe kwenye simu yako. Kabla hujainuka, simama hapo afute mafaili mbele yako, na eCitizen ifungwe. Unapotoa nakala ya kitambulisho, andika juu yake kwa kalamu, herufi zipitie kwenye picha: "kwa maombi ya basari tu", na tarehe. Haimzuii mwizi hodari, humzuia mvivu, na wezi wengi ni wavivu.

Turudi kwa mhudumu wa afya. Maswali ya paa na choo yana sababu: tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF, bima ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024, mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, lakini muuza mahamri hana hati ya mshahara, kwa hiyo hukadiriwa kwa hali ya nyumba yake, na mchango hauwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Unaweza kuona ni njia ya ovyo ya kupima umaskini, nami sitakubishia. Lakini si upelelezi. Kosa la mhudumu ni kutoeleza. Sheria inamlazimu anayekusanya akwambie anachukua nini, kwa nini, na kitamfikia nani. Akija tena, mumeo asimfukuze. Amkalishe dakani, amwombe kitambulisho cha kazi, amuulize kila swali ni la nini. Asiyeweza kujibu, aende akaulize arudi.

Ningeandikisha familia? Ndiyo. Mtoto akipelekwa Hospitali Kuu ya Pwani usiku, kutoandikishwa kutakugharimu zaidi kuliko paa lako kujulikana. Tena kukataa sasa hakumfichi mumeo: laini ya simu, kitambulisho, kura, vyote vinamjua tangu zamani. Angekuwa ananiuliza kuhusu mtambo mpya unaotaka DNA, ningemwambia akatae, nami ningekaa naye kibarazani.

Binti naye asicheleweshwe hata wiki. Bila kitambulisho hana laini, hana benki, hana mkopo wa chuo, hana kura. Februari 2025 Rais alitangaza kuondoa msasa wa ziada kwa waombaji wa kaunti za mpakani. Kaunta zingine bado zina masikio mazito, kwa hiyo mwende mkiwa mmejiandaa. Mkague majina kabla ya yote. Kwetu hapa cheti cha kuzaliwa husema Mwanaisha, cha shule Mwana Aisha, cha baba Bin, cha mtoto hakuna Bin. Kwa jicho lako ni jina moja, kwa mtambo ni watu wanne. Sahihisheni sasa, kwa maandishi, mkitaja haki ya kurekebishiwa data, na msiondoke bila risiti au nakala iliyopigwa muhuri.

Karani akimwambia "rudi baadaye" mara ya tatu, acheni kuniandikia mimi. Nendeni kwa miguu yenu kwa mashirika yanayojua kesi hizi: Haki Africa na MUHURI yako hapa Mombasa, na Kituo cha Sheria pia kina afisi huku. Vivyo hivyo mkikuta mkopo au laini kwa jina lenu, au habari za ugonjwa wa mtu nyumbani zimetoka hospitalini zikafika mtaani: Kamishna wa Data ana afisi Mombasa, malalamiko hayalipiwi, na sheria inampa siku 90 kuchunguza. Polisi wakiwaita kuhusu jambo lililofanywa kwa kitambulisho chenu, msiende bila wakili, hata mkijua hamna kosa.

Na vidole vya mumeo: fundi wa mawe huliwa mistari na saruji, chombo kikakataa kumsoma, naye akaona ndiyo ishara. Siku mbili kabla ya kwenda asiguse saruji, usiku apake mafuta ya nazi, asubuhi anawe kwa sabuni akauke vizuri. Kidole gumba kikikataa aombe wajaribu vingine, na vyote vikikataa, adai iandikwe kwenye rekodi kwamba alama zake hazisomeki, ili siku ya hospitali asiambiwe yeye si yeye.